Mwanamke Aliyetoka Kwenye Sentensi

Msiulize Nyumba ya Maneno iko nchi gani, maana hata waliomo hawakubaliani. Ukichungulia dirisha la mashariki unaona bahari ya kijivu. Ukienda la magharibi unaona milima. Ukirudi la mashariki, bahari imeondoka na mahali pake pana shamba la viazi, na mtu ameinama analima kana kwamba yuko pale tangu juzi. Wenye kazi humo walishazoea. Walichokitazama wao ni saa. Saa ya Nyumba ilitundikwa ukumbini, pana kama sinia la biriani, na haikuhesabu dakika hata moja. Ilihesabu maneno. Kila neno lililoandikwa liliisogeza akrabu mbele, na kila neno lililofutwa liliirudisha nyuma. Inasimuliwa kwamba mwandishi mmoja mwenye shaka nyingi aliwahi kufuta herufi K yote kwa mpigo, wenzake wakajikuta wamerudi Ramadhani iliyopita, wakafunga tena, na hakuna aliyemsemesha mpaka Idi.

Kazi yao ilikuwa moja: kuandika kamusi ya kila kitu kilichopo. Kila neno lilipewa kadi yake, na kila kadi ilikuwa na neno, maana na mfano, na chini kabisa pengo dogo la jina la shahidi. Shahidi ni mtu aliyeliona jambo la mfano likitendeka, au aliyelisikia likisemwa na mtu mzima mwenye akili zake. Mfano usio na shahidi ulihesabiwa kuwa uvumi, ukatupwa. Na mfano wenye shahidi ulikuwa hai. Hili ndilo waandishi wa nje hawalijui. Waliotajwa kwenye mifano walikuwa wakiishi humo, kila mmoja ndani ya sentensi yake, akitenda lile moja aliloandikiwa: mpishi akikoroga, mwizi akiruka ukuta, mjane akilia. Walilitenda mpaka toleo jipya litoke.

Shekue ndiye aliyeandika mifano. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna mwalimu aliyewahi kumshika mkono. Vina alijifunza kwa kusikiliza redio ya kinyozi, mizani alijifunza kwa kupiga vidole pajani, na siku alipopata beti yake ya kwanza isiyochechemea alitembea mitaa mitatu akiisema kwa sauti ili walimwengu wasikose. Alikuwa na majivuno, tena ya moto. Wenzake wanaoandika maana aliwaambia wazi kwamba wao wanaleta mifupa, nyama inatoka kwake. Wao wakamwita Malenga wa Kadi, kwa dhihaka, na yeye akalipokea jina hilo kama zawadi.

Lakini mwaka ule wa herufi M, kazi ilipozidi, Shekue alifanya jambo. Alichukua toleo la zamani, akanakili mifano arobaini kama ilivyo, na penye pengo la shahidi akaandika jina lake. Mara arobaini. Aliiambia nafsi yake kwamba kila mtu hufanya hivyo, na nafsi, kwa kuwa ilikuwa imechoka pia, ikakubali.

Kadi mojawapo ilisema hivi:

*Mhindi Mwekundu. Mtu wa makabila ya asili ya Amerika. "Mhindi Mwekundu alivuta upinde akamlenga mgeni." Shahidi: Shekue.*

Ukurasa wa kadi hiyo ulikuwa wa mwisho kushonwa. Ulianikwa karibu na dirisha wino ukauke. Akrabu ilikuwa imebakiza maneno sitini kufika juu, na ikifika juu, uzi unapita, jalada la M linafungwa, na hakuna kinachobadilika kwa miaka thelathini.

Ilikuwa asubuhi, saa ya kula. Shekue alikuwa mezani na sahani yake: muhogo wa kuchemsha, maharagwe, chachandu ya nyanya na pilipili, na hindi la kuchoma alilonunua njiani. Akasikia karatasi ikikohoa. Akageuka. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akishuka kutoka kwenye ukurasa kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi ya darini, na kilichomtatiza ni kwamba hakuweza kutumia mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka mbele ukishika upinde, wa kulia umekunjwa hadi sikioni ukivuta uzi, na mshale ulikuwa palepale, tayari.

Shekue akainama chini ya meza.

Mwanamke akamwambia asiogope, mshale hauondoki, haujawahi kuondoka, na angekuwa anajua kuulenga angeshaupeleka mbali zamani akapumzika. Akamwomba amsaidie kuuchomoa upinde mkononi. Shekue akatoka chini ya meza akijifanya alikuwa akiokota kalamu, akamfungua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyelala na ngumi. Upinde ulipotoka, mwanamke akaitazama mikono yake muda mrefu, akaishusha, akashusha pumzi.

Shekue akamuuliza anataka nini. Ndipo alipogundua kwamba amekutana na mtu wa desturi ngumu.

Maana kwa watu wa mama yule, mtu hasemi haja yake kabla hajashukuru. Na hashukuru kwa jumla, kama sisi tunavyomaliza kwa neno moja huku tumeshageuza mgongo. Hushukuru kitu kimoja kimoja, kwa zamu. Akaishukuru sakafu kwa kumpokea. Akayashukuru maji ya mtungini, yale yaliyomo na yale yaliyokwisha nywewa. Akaushukuru upepo wa dirishani kwa kuukausha ukurasa hata akaweza kuinua mguu. Akalishukuru jua, akaishukuru milima, na milima ilipoondoka ikaja bahari, akaishukuru na bahari bila kushtuka. Shekue alikuwa akitazama mlango wa ukumbini, huku mguu wake mmoja ukicheza chini ya meza. Akamkata, akasema yeye ni mtu wa kazi na saa haimngojei.

"Saa yenu inakwenda mkiandika," mwanamke akasema. "Mimi naandika?"

Mwanamke akaendelea, na shukrani zake zikafika kwenye sahani. Hapo sauti ikabadilika. Aliinama juu ya lile hindi kama mtu anayemkuta mwanawe uwanja wa mbali, amekua, ana ndevu, anazungumza kigeni. Akaliuliza limefikaje huku. Akayaambia maharagwe kwamba bado hayajaacha kumfuata dada yao hindi kila anakokwenda. Pilipili akaicheka, akasema huyu alikuwa mkorofi tangu nyumbani. Muhogo akauamkia kwa heshima zaidi, kama mkwe. Akasema huu si wa kwao, ni wa jamaa za kusini, na nyanya vilevile, lakini alikuwa akisikia habari zao.

Shekue akaona hapa sasa anachezewa. Kwa ukali wa mtu anayetetea shamba la babu, akamwambia hicho ni chakula chao cha asili. Babu zake wamekula ugali tangu zamani za kale, na muhogo huo ndio uliowavusha njaa iliyowamaliza wengine.

"Babu zako wamekula, ndiyo, na hongera zao," mwanamke akasema. "Lakini kabla ya babu zako, palikuwa na bibi zangu. Hindi hili lilikuwa jani tu, kichwa chake hakizidi kidole. Walichagua mbegu, mwanangu. Kila mavuno, mbegu ile nono kuliko zote, wakajinyima, wakaipanda. Vizazi vingapi, sijui. Aliyeanza hakuliona hindi kama hili. Alijua tu kwamba kuna mtu mbele ambaye atakuwa na njaa."

Shekue akatazama sahani. Akafikiria asubuhi zote za maisha yake. Akafikiria uji, akafikiria kande, bisi za jioni za mvua, karanga za karatasi, papai la mgonjwa, korosho za arusi, boga lililopikwa kwa nazi. Alipouliza kuhusu kimoja, mwanamke alisema ndiyo, cha kwetu au cha jamaa zetu; akauliza cha pili, ndiyo; akauliza cha kumi, akapata kizunguzungu. Mtu mbele ambaye atakuwa na njaa. Alikuwa yeye. Kuna mwanamke alijinyima konzi ya mbegu kwa ajili yake, ng'ambo ya dunia, kabla jina la dunia halijatiwa kwenye ramani, na yeye Shekue, Malenga wa Kadi, akapewa nafasi ya sentensi moja tu ya kumtaja, akamtia upinde mkononi.

Akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, mama amekuja kutaka nini.

Alitaka sentensi nyingine. Ndiyo haja yake yote. Alisema yeye ni dereva. Ameendesha basi la watoto wa shule miaka ishirini na sita, kwenye barabara yenye theluji miezi mitano ya mwaka, na hajawahi kulitumbukiza mtaroni ila mara moja, na mara ile ni kosa la ng'ombe. Siku moja alifumba macho akiwa kwenye usukani, basi limesimama, anangoja mtoto mmoja aliyezoea kuchelewa. Alipofumbua, yuko ndani ya kamusi ya watu wengine, amesimama kwenye vumbi, upinde mkononi, na mbele yake mtu asiye na uso anayeitwa mgeni. Hajui ni miaka mingapi. Kila anayefungua ukurasa anamkuta hivyohivyo. Wanasoma, wanasema kumbe ndio hawa, wanafunga. Na sasa uzi ukipita, atarudishwa humo miaka thelathini mingine, na mkono wake, alisema, hautaikubali tena miaka hiyo. Utabaki ulivyo.

Kuhusu neno lenyewe hakuwa na hasira ambayo Shekue aliitarajia. Alisema neno lile lilitoka kwa baharia aliyepotea, akadhani amefika nchi nyingine, na badala ya kuuliza njia akawapa watu jina la pale alipokuwa akienda. Likakaa. Serikali iliwaandikia barua kwa jina hilo. Vijana wao wengi hawataki kulisikia. Mama yake mwenyewe alijiita Mhindi mpaka anaingia kaburini, na hakuna mjukuu aliyethubutu kumsahihisha. Wengine hulitumia wao kwa wao, kwa mzaha, na mgeni akilidaka na kulitumia, mzaha unaisha. Lakini lile la rangi, alisema akinyoosha mkono wake dirishani ili mwanga uuangukie, lile alikuwa akiomba Shekue amwonyeshe liko wapi. Shekue akatazama. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeshika usukani sana.

Akasema ataiandika sasa hivi, na itakuwa sentensi ambayo kamusi yote itaionea wivu. Damu ya ushairi ilikuwa imempanda. Akapiga vidole pajani, akainua kalamu, akaandika, akasoma kwa sauti yake ya mitaa mitatu:

*Shujaa wa nyika pana, mwenye manyoya kichwani,*
*Simba asiyefanana, na yeyote duniani.*

Akangoja kusifiwa. Mwanamke akauliza simba ni nini. Shekue akamweleza. Mwanamke akasema kwao hawapo. Kisha akajipapasa kichwani, taratibu, pande zote mbili, kama mtu anayetafuta miwani, akasema na manyoya hayaoni. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Shekue, aliyekuwa amevimba kama andazi, akajikuta anacheka naye.

"Ni nzuri," mwanamke akasema akifuta macho. "Ila humo ndani umo wewe peke yako."

Akafuta. Akrabu ikarudi nyuma maneno kumi na mawili, dirishani mvua ya jana ikanyesha tena kidogo, ikakoma.

Na hapo ukurasa ukaanza kutetemeka.

Sentensi haiwezi kukaa tupu. Lazima awepo wa kuishikilia, ama sivyo maneno ya jirani huporomokea ndani. *Mhimili* alikuwa ameshaanza kuinama. Chini yake *mhitimu* alikuwa amepoteza kofia na anaitafuta huku analia. Mwanamke akaona, akasimama, akanyoosha mkono kuuchukua upinde. Shekue akautazama ule mkono ulivyoanza kukakamaa kabla haujashika kitu. Akauwahi upinde yeye. Akapanda kwenye ukurasa.

Ndani ya sentensi hakuna hewa nyingi. Hakuna kushoto wala kulia. Kuna mwanzo nyuma ya mgongo wako na nukta mbele, nyeusi, imening'inia kama jua lililokufa. Kuna vumbi. Vumbi la wapi, hakuna aliyelieleza. Mkono wako unapanda wenyewe, uzi unakuja wenyewe hadi sikioni, na mbele yako anasimama mgeni asiye na uso, na humjui, na huna ugomvi naye, na unamlenga.

Kwanza unafikiri: nitashusha. Hushushi.

Kisha ukurasa unafunguka, mwanga unaingia, jicho kubwa la msomaji linapita juu yako kama mwezi. Linakusoma. Unataka kusema mimi ni Shekue, nilizaliwa nyuma ya soko la nguo, napenda chai ya tangawizi, nina dada anayenidharau. Jicho halisomi hayo. Linasoma upinde. Linafunga. Giza. Linafunguka lingine. Kumbe ndio hawa. Giza.

Mara ya mia, unasimama wima kidogo pale mwanga unapoingia, kwa sababu angalau unatazamwa. Mara ya elfu, unaanza kuhisi manyoya kichwani. Mara ya elfu mbili, mtu anapotamka lile jina huko nje, wewe unageuka. Umegeuka. Ni nani aliyegeuka? Shekue alilitafuta jina lake akakuta limebaki sauti tu, kama jina la mtaa uliouhama utotoni. Akajiuliza kama mtu ni yule anayejijua au yule anayetajwa. Akajiuliza ikiwa wote wanaokutaja wamekosea, na wewe peke yako unakumbuka, na mkono unauma, utakumbuka mpaka lini. Yule mwanamke alikumbuka. Alikuwa humu miaka yote ile na akatoka anajua idadi ya miaka aliyoendesha basi. Akatoka anashukuru sakafu. Alizitoa wapi shukrani hizo? Mtu anayepoteza kila kitu ila desturi ya kushukuru anaweza kuanza upya na chochote kilichopo. Shekue akajaribu. Hakuwa na kitu humo. Akalishukuru vumbi. Akaushukuru mkono unaouma kwa kuwa bado ni wake. Akamshukuru yule aliyejinyima konzi ya mbegu, na alipomshukuru yeye jina likamrudia kinywani, Shekue, zito na tamu kama kipande cha kwanza baada ya futari kuchelewa.

Ndipo alipowasikia wawili wakizungumza nje.

Bi Mwanatumu, Mkuu wa Nyumba, alikuwa ameingia kuuchukua ukurasa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayevaa miwani mbili kwa mpigo, na katika miaka yake yote hakuna kosa la wino lililompita. Alimkuta yule mwanamke mgeni kitini akimalizia maharagwe ya Shekue. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, kwa utaratibu ambao ulimfanya Shekue atamani kupiga kelele. Kisha mgeni akaeleza. Bi Mwanatumu akasikiliza bila kubadilika uso, akaitwaa kadi, akaisoma, akaugeukia ukurasa.

Alisema sheria iko wazi. Mfano wenye shahidi haubadilishwi. Shahidi akisimama na neno lake, huyu mama atarudi mahali pake na uzi utapita. Shahidi akilikana neno lake, mfano umekufa. Lakini shahidi wa uongo hashiki kalamu tena katika Nyumba ile.

"Shekue," akasema. "Ulimwona mama huyu akivuta upinde?"

Neno moja lingemtosha. Angeshuka, angekaa kitini, angeandika herufi N na zote zilizobaki, na beti zake zingekuwa na meza ya kulalia. Alikijua kitu alichokuwa anatakiwa akitoe: kile pekee alichojifunza mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Mwanamke hakumtazama. Alikuwa ameishika mikono yake miwili mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayeaga.

"Sikumwona," Shekue akasema. "Sijawahi kumwona mtu yeyote akivuta upinde. Nilinakili."

Mkono ukashuka. Mgeni asiye na uso akageuka akaenda zake, pengine naye alikuwa na kwao. Shekue akajikuta sakafuni, upinde umekatika vipande viwili, na ukumbini akrabu ikarudi nyuma kwa kishindo maneno yote ya mfano ule na ya mifano thelathini na tisa iliyofanana nao.

Bi Mwanatumu akanyoosha mkono. Shekue akampa kalamu. Bibi yule akaigeuzageuza, akavua miwani ya juu, akabaki na ya chini. Kisha akaenda kwenye kabati ya matoleo ya kale, akavuta droo ya M, akatoa kadi iliyogeuka rangi ya chai. Ilikuwa na sentensi ileile, na pengo la shahidi lilijazwa kwa mwandiko mzuri wa msichana: *Mwanatumu*. Akasema alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi ilikuwa nyingi. Naye aliitoa kwenye kadi ya kabla ya hapo. Akachomoa kalamu yake sikioni, akailaza mezani kando ya ile ya Shekue.

"Sasa nani ataandika?" mgeni akauliza.

Wakatazamana. Wakampa kalamu yeye.

Akaandika taratibu, akiegemeza mkono uliokuwa bado unauma. Akauliza hili mnaliandikaje, na hili je, na Shekue alimtajia herufi bila kumtajia maneno. Alipofika kwenye pengo la shahidi, akaandika jina lake yeye mwenyewe; alilitamka silabi kwa silabi na akamfundisha Shekue kulisema, akamsahihisha mara tatu, mara ya nne akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Jina hilo halitaandikwa hapa, kwa kuwa alilitoa kwa ajili ya kadi ile. Kadi ilisema hivi:

*Mhindi Mwekundu. Jina ambalo wenyeji wa kwanza wa Amerika walipewa na mtu aliyekosea njia. Wengi wao hawalitaki. Wanayo majina yao, nayo ni mengi kama wao walivyo wengi. Uliza. "Dada yangu ananiita kwa jina letu, dereva mwenzangu ananiita Mhindi, na kati yao hakuna aliyenirudishia sufuria yangu."*

Bi Mwanatumu aliisoma, akatafuta kosa, akauliza kama hiyo sufuria ni muhimu. Mgeni akasema ni ya lita nane. Bi Mwanatumu akasema basi ibaki.

Alipoondoka hakupanda ukurasani. Alipita mlangoni, kwa miguu, kama mtu yeyote mwenye kwao. Alishukuru kizingiti, akamshukuru Bi Mwanatumu, na alipofika kwa Shekue, Shekue akamtangulia. Alitaka kusema beti. Alikuwa nayo, ilikuwa imemjia akiwa vumbini, yenye vina vya kati na vya mwisho. Kinywani kikatoka kitu kidogo. "Asante, mama," akasema, "ya mbegu." Mwanamke akamshika bega, akatoka. Nje palikuwa na theluji, ambayo watu wa Nyumba hawakuwa wameiona kabla, na basi la manjano lilikuwa limesimama likiunguruma, na mtoto aliyezoea kuchelewa ndiyo kwanza alikuwa anakuja mbio.

Wenzake wanaoandika maana wakaijaza ile mifano thelathini na tisa kwa mambo waliyoyaona wenyewe, akrabu ikafika juu. Uzi ukapita. Jalada likafungwa. Kazi ya mwisho aliyoitoa Bi Mwanatumu akiwa Mkuu ilikuwa kumhamishia Shekue mlangoni, kuwa bawabu, mahali ambapo hakuna kalamu. Wale wa mifupa walitaraji atang'aka. Alibeba kiti chake mwenyewe. Akakaa pale, mikono mapajani, akishangaa wepesi wake.

Siku hiyohiyo, pale mchana ulipokuwa unajifikiria kama uende au urudi, mtu mmoja wa ile mifano thelathini na tisa iliyokufa akaja kutoka upande wa ndani. Alikuwa mzee mfupi, ameshika bakuli, kiganja kimekakamaa kwa kulinyoosha mbele. Mguuni alikuwa bado na wino. Alisimama kizingitini bila kuinua uso, akiwa amezoea kuambiwa yeye ni nani kabla hajafungua kinywa.

Shekue akasimama, akampisha kiti.

"Karibu, mzee," akasema. "Nikuite nani?"

Yule mzee akafungua kinywa, akakifunga. Ilionekana wazi kwamba hajaulizwa kwa muda mrefu, na kwamba jibu limo mbali ndani, chini ya mambo mengi, na itabidi alifuate huko kwa miguu. Shekue, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumngoja mtu amalize kusema, akangoja.

Akangoja.